MALI BILA DAFTARI



Kila mwisho wa mwezi, tukipokea karatasi ya mshahara, macho yetu huenda upesi chini kabisa, pale penye jumla ya kwenda nayo nyumbani. Makato ya katikati twayaona, twaguna kidogo, kisha twaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Leo twaomba kila mwanachama aikunjue tena karatasi hiyo, atie kidole juu ya mstari mmoja tu, ule ulioandikwa NSSF. Habari yetu ni juu ya mstari huo.

Hazina hii ya malipo ya uzeeni iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, Kenya huru ilipokuwa bado changa. Shabaha yake ilikuwa njema, wala hatutaisema vibaya. Wafanyakazi wengi wa siku zile hawakuwa na pensheni. Mtu alibeba mizigo, alipiga nyundo, alisukuma toroli, na nguvu zilipomwisha alirudi kwao mikono mitupu, akawa mzigo wa watoto wake. Serikali ikasema: kila mwezi mfanyakazi atatoa kidogo, mwajiri ataongeza kidogo, na siku ya uzee itakuwako akiba. Mwanzoni Hazina ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Kazi. Mwaka 1988 ikawa shirika lenye baraza lake la wadhamini, na katika baraza hilo serikali ina watu wake, waajiri wana watu wao, nasi wafanyakazi, kwa njia ya COTU, tuna wajumbe wetu. Shika sana neno hilo la mwisho, ndugu, maana tutalirudia.

Sasa tutazame kiasi cha fedha. Kwa miaka mingi kabla ya 2023 mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaweka 200 nyingine. Kisha ikaja sheria mpya ya 2013, ambayo ilikaa mahakamani miaka mingi, hata Mahakama ya Rufani ilipofungua njia mwezi wa Februari 2023. Tangu hapo makato yakawa shilingi 6 katika kila 100 ya mshahara, hadi kipimo kilichowekwa, na mwajiri naye atoe kadiri hiyo hiyo. Kipimo kile kikapandishwa mwaka hata mwaka. Mwaka 2023 mfanyakazi hakuweza kukatwa zaidi ya shilingi 1,080 kwa mwezi. Februari 2024 ikawa 2,160. Februari 2025 ikawa 4,320. Na mpango wa sheria haukuishia hapo.

Piga hesabu ya mtu wa kwetu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akitoa 200. Tangu Februari 2024 atoa 1,200, yaani mara sita. Ukiongeza fungu la mwajiri, ni 2,400 kila mwezi kwa mtu mmoja. Kwa watu wa Kariobangi, shilingi 1,000 iliyoongezeka si neno dogo. Ni unga, ni mafuta ya taa, ni karo ya mtoto.

Wako wanachama wanaotuambia, "Chama kipinge makato yote, tupewe pesa zetu sasa." Twaelewa uchungu wao. Lakini mtu aliyestaafu na akiba ya shilingi 400 kwa mwezi hana cha kujivunia, hata kama ziliwekwa kwa uaminifu. Kuweka akiba zaidi si jambo baya. Neno letu ni jingine: mtu akitoa mara sita, yampasa aangalie mara sita. Ukimpa mtu kikapu cha mayai kumi akushikie, waweza kumwacha na kwenda zako. Ukimpa mayai mia, mfuate nyuma.

Kwanza tujue fedha hii ni ya nani. Kodi ukikwisha kuilipa ni mali ya serikali, na wajumbe wa Bunge ndio waigawao. Fedha ya NSSF haiko hivyo. Fungu lako ni mshahara wako uliozuiwa. Hata fungu la mwajiri ni mshahara wako, maana asingelitoa kama wewe usingelifanya kazi. Serikali imeandika sheria na imechagua wasimamizi, lakini haikuwa mwenye mali. Ni mtu wa katikati. Mchungaji hapati ng'ombe kwa sababu ameshika fimbo.

Sisi wa reli twajua kazi ya mtu wa katikati. Tangu zamani karani wa tikiti hupokea fedha nyingi kwa siku, na hakuna hata shilingi moja iliyo yake. Jioni huhesabu fedha, akazilinganisha na nambari za tikiti alizouza, na mtu mwingine huja kutazama kama hesabu mbili hizo zapatana. Hakuna stesheni ambapo karani huambiwa, "Jikague mwenyewe, kisha utuambie kama wewe ni mwaminifu." Na karani mwema hachukii kukaguliwa. Daftari ndilo linalomwokoa siku anaposingiziwa.

Basi, katika mambo ya Hazina yetu, daftari limekuwaje? Tutatoa mifano ambayo yajulikana na watu wote.

Wa kwanza ni National Bank of Kenya. Serikali iliianzisha mwaka 1968, ili watu wa nchi hii wapate mikopo ambayo mabenki ya wageni yaliwanyima. Mwaka 1994 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni. Lakini katika miaka hiyo ya 1990 mikopo mikubwa ilitolewa kwa mashirika ya serikali na kwa watu wenye majina, na mingi haikulipwa. Mwaka 1998 benki ilitikisika vibaya. Na ni nani aliyekuwa chini yake akiishikilia isianguke? Ni sisi. Hazina ya wafanyakazi ikawa mwenye hisa mkubwa kuliko wote, karibu hisa 48 katika kila 100, na Wizara ya Fedha ikawa na kama 22. Mwaka 2007 serikali ilibidi itoe hati za mkopo za shilingi bilioni 20 ili kuziba pengo la madeni mabaya. Mwisho wake, mwaka 2019, KCB iliichukua benki hiyo kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za National Bank kwa hisa 1 ya KCB. Mwaka 2025 KCB nayo ikaiuza kwa Access Bank ya Nigeria.

Hatusemi kwamba kuiokoa benki kulikuwa kosa tupu. Huenda ingalianguka, na wenye akiba ndogo wangalilia. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokaa. Serikali ilikuwa na hisa katika benki. Mashirika ya serikali yalikuwa yakikopa katika benki. Waziri ndiye aliyekuwa na neno kubwa juu ya uteuzi wa wasimamizi wa Hazina. Na Hazina ndiyo iliyotia fedha. Mwenye duka, mkopaji na mshika ufunguo wote walikuwa wa nyumba moja, na aliyelipa alikuwa nje ya mlango. Ni mwanachama gani wa Kariobangi, au wa Makongeni, au wa Changamwe, aliyepata kuulizwa hata neno moja?

Mfano wa pili ni kampuni ya Discount Securities, dalali wa hisa. Hazina ilimpa fedha anunue hisa kwa niaba yetu. Dalali huyo alianguka, na zaidi ya shilingi bilioni moja za wafanyakazi zikaingia katika shimo hilo. Kesi zilifika mahakamani miaka mingi baadaye. Kesi ni njema, lakini haimrudishii mjane akiba ya mumewe.

Mfano wa tatu uko hapa hapa Eastlands, nao una mafunzo ya namna nyingine. Hazina ilikuwa na ardhi huko Tassia, Embakasi, na ukatolewa mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 5 wa kutengeneza barabara na mifereji. Mwanzoni mwa mwaka 2014 wadhamini wawili, Bwana Francis Atwoli wa COTU na Bi. Jacqueline Mugo wa Shirikisho la Waajiri, walisema hadharani kwamba mambo hayakwenda kwa njia iliyo sawa. Palikuwa na mvutano mkubwa kati yao na wizara, na Bunge likafanya uchunguzi. Angalieni sana hapo. Mtu wa wafanyakazi na mtu wa waajiri, ambao siku nyingine hugombana juu ya kila senti, walisimama upande mmoja. Kwa nini? Kwa sababu fedha zilikuwa za watu wao, si za serikali. Kwa hiyo kiti chetu katika baraza si pambo. Mwenye kukikalia akifungua kinywa, nchi nzima husikia.

Mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Afrika peke yake. Huko Marekani kuna mashirika mawili makubwa, Fannie Mae, lililoanzishwa mwaka 1938, na Freddie Mac, la mwaka 1970. Kazi yao ni kununua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki ili mabenki yapate fedha za kukopesha tena. Yalikuwa na wenye hisa kama kampuni yo yote, lakini kila mtu aliamini kwamba yakianguka serikali itayashika. Basi faida ilikuwa ya wenye hisa, na hatari ilikuwa ya mlipa kodi. Mwaka 1992 iliundwa ofisi ya kuyaangalia, lakini ofisi hiyo ilikuwa dhaifu, na mashirika yale yalikuwa na fedha na marafiki wengi katika bunge lao. Mlinzi alikuwa mdogo kuliko aliyelindwa. Mwezi wa Septemba 2008 serikali ilibidi iyashike yote mawili, ikatia zaidi ya dola bilioni 180. Mwezi Julai mwaka huo huo ndipo ilipokuwa imetungwa sheria ya kuweka mlinzi mwenye nguvu. Mlango ulifungwa, naam, lakini punda alikuwa amekwisha toka.

Je, kwetu hakuna walinzi? Wako, na tuwataje kwa haki. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua vitabu vya Hazina kila mwaka na kupeleka ripoti Bungeni. Kamati ya Bunge inayoangalia mashirika ya umma huwaita wakuu na kuwauliza. Sheria ya mwaka 1997 iliweka mamlaka ya kuangalia hazina zote za kustaafu, ile iitwayo RBA. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 yaeleza namna ya kuziomba. Kwa karatasi, hatukosi walinzi.

Taabu ni hii: walinzi hao wote huja baada ya jambo kutendeka, tena wote huzungumza wao kwa wao. Ripoti ya Mkaguzi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, hupelekwa Bungeni, husomwa na watu wachache, na huku chini kwetu haifiki. Mwenye mali husikia habari za mali yake katika gazeti, siku ambayo imekwisha potea. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza: hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenyewe hapewi kulisoma.

Hapa yatupasa kusema neno chungu, maana gazeti hili si la kuwasema wengine tu. Wakati National Bank ilipokuwa ikizama, wafanyakazi walikuwa na kiti katika baraza. Wakati dalali yule alipopewa fedha, kiti kilikuwapo. Ni mara ngapi sisi matawi tulimwita mtu wetu aje kutuambia yaliyoamuliwa? Ni mara ngapi jambo hili liliandikwa katika ajenda ya mkutano wa mwaka? Tuliuliza habari za mishahara, za nyumba, za sare. Habari za Hazina hatukuuliza. Tulimpeleka mjumbe, tukamsahau huko, na mjumbe aliyesahauliwa huanza kula na wale alioketi nao. Lawama ya hayo ni yetu kwanza, kisha yake.

Na tusidhani mambo haya ni ya mabilioni ya mjini tu. Hapa Kariobangi yuko jirani yetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma. Alifanya kazi katika karakana moja miaka 14, na kila mwezi alikatwa. Alipokwenda kuuliza akiba yake, daftari lilionyesha miezi isiyotimia miaka sita. Fedha iliyobaki mwajiri aliikata lakini hakuipeleka. Karakana ilikuwa imekwisha fungwa, na mwenyewe hakujulikana aliko. Mzee alikuwa ametupa karatasi zake za mshahara, maana hakudhani zina kazi. Aliketi kwetu jioni ile na hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilidhani serikali inaangalia." Ndugu, twataka maneno hayo yakae katika kichwa cha kila mwanachama. Miaka minane ya jasho ilikwenda kwa sababu kila mtu alidhani mwingine anaangalia.

Basi tufanye nini? Chama chapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mtu mwenye digrii.

Kwanza, kila mwanachama atunze karatasi zake zote za mshahara, na angalau mara moja kila miezi mitatu atazame akiba yake NSSF, kwa simu au ofisini. Alinganishe mwezi kwa mwezi. Mwezi ukikosekana, asingoje hata mwaka uishe. Amwone mjumbe wa chama kazini siku hiyo hiyo, na tawi liandike barua kwa mwajiri na kwa Hazina. Wenye simu za kisasa wawasaidie wazee. Si aibu kuuliza.

Pili, kila tawi liandike katika ajenda ya mkutano wake mkuu neno hili: Habari za Hazina. Katibu wa tawi asome, kwa Kiswahili chepesi, yale Mkaguzi Mkuu aliyoyasema mwaka uliopita, na riba iliyotangazwa, tuilinganishe na kupanda kwa bei ya unga. Ikiwa riba ni ndogo kuliko bei zinavyopanda, basi akiba yetu yapungua huku ikionekana kukua.

Tatu, chama chetu kipeleke azimio COTU, kwamba wajumbe wa wafanyakazi katika baraza la wadhamini watoe taarifa ya maandishi kwa vyama vyote kila mwaka: fedha zimewekwa wapi, ardhi gani imenunuliwa na kwa bei gani, mkataba gani mkubwa umetolewa, na wao walipiga kura upande gani. Yaliyo siri ya biashara yabaki siri mpaka kazi imalizike, lakini baada ya hapo yafunuliwe. Mjumbe asiyetaka kutoa hesabu, kiti kipewe mwingine.

Nne, tuungane na serikali ikitenda vema, na tuipinge ikitenda vibaya, bila kuogopa na bila matusi. Twataka wadhamini wachaguliwe kwa ujuzi na uaminifu, si kwa kabila wala kwa chama cha siasa. Twataka Hazina isitumiwe kuwa mfuko wa kuokoa kila shirika linalozama. Serikali ikitaka kuokoa shirika, ina kodi yake na Bunge lake. Ikija kukopa kwetu, ije kama mkopaji mwingine ye yote, na dhamana mkononi.

Sisi wa reli tuna sababu zaidi ya kusema hivi. Mwaka 2006 reli ilipokabidhiwa kampuni ya watu binafsi, mfuko wa wastaafu wetu ulipewa ardhi na nyumba, na mtaa wa Muthurwa ulikuwa miongoni mwa mali hizo. Mwaka 2010 wadhamini wa mfuko huo walianza kuwaondoa wapangaji, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wakaaji hao zilivunjwa. Huko wafanyakazi wa pande mbili walikutana uso kwa uso: mstaafu aliyengoja pensheni yake, na mkaaji aliyetolewa vyombo nje ili pensheni hiyo ipatikane. Hakuna mmoja wao aliyekuwa adui wa mwenziwe. Mambo ya mali yao yaliamuliwa katika chumba ambacho wote wawili hawakuingia.

Katika Injili, wengi wetu tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Hakuitwa kwa sababu bwana alimchukia. Aliitwa kwa sababu mali haikuwa yake. Nasi hatuwachukii wakuu wa Hazina, wala wadhamini, wala Waziri. Huenda wengi wao ni watu wema. Lakini mali si yao, na wenye mali tunaita.

Ndugu, mwisho wa mwezi huu, usiikunje karatasi ile upesi.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI
Kariobangi, Nairobi